Kiasi cha chakula miaka mingi baada ya upasuaji wa kupunguza unene: mwongozo kutoka Kisii na Nyamira

Jamaa zangu wa Mombasa na Lamu wanaofikiria kufanyiwa upasuaji wa kupunguza unene huniuliza kidogo kuhusu kisu na sana kuhusu sahani. "Utakula kidogo hivyo mpaka lini?" Jibu fupi ni kwamba nitakula kidogo maisha yangu yote, ingawa hicho kidogo chenyewe hubadilika mwaka hadi mwaka. Jibu refu ndilo hili.

Nilifanyiwa upasuaji huo Nairobi mwaka 2016. Ni mzaliwa wa Mombasa, na kazi ya ualimu imeniweka huku Gusii, kwanza Kisii na sasa Nyamira. Si daktari. Naandika yale niliyofunzwa na madaktari na wataalamu wa lishe, na namna ninavyoyatumia kwenye vyakula vya huku. Mwenye kutaka kubadilisha dawa au lishe yake na aanze kwa daktari anayemjua. Kilichonipeleka huko ni kisukari. Nyumbani kwetu ugonjwa huo ulishachukua mguu wa kaka yangu mkubwa, na mimi nilikuwa nimeanza sindano.

Upasuaji wenyewe

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, mfuko wa chakula hukatwa kwa urefu na kama asilimia 75 hadi 80 yake kuondolewa. Kinachobaki ni bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Katika ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo juu, cha kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha hukiunganisha na utumbo mdogo. Chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Mimi nilifanyiwa ile ya kwanza. Kenya upasuaji huu hupatikana zaidi Nairobi, Hospitali ya Aga Khan ikiwa miongoni mwa zinazoufanya. Kutoka Kisii ni safari ya kama kilomita 300 kupitia Narok, kwa hivyo mtu wa huku hukutana na daktari wake mara chache, na sehemu kubwa ya kazi hubaki mikononi mwake mwenyewe jikoni.

Kiasi, tangu wiki ya kwanza hadi miaka ya mbele

Vipimo hivi ni vya jumla. Kikombe ninachokitaja ni cha kupimia, cha mililita 240.

- Wiki mbili za mwanzo: vinywaji tu. Kwanza maji na supu iliyochujwa, kisha maziwa na uji mwepesi uliochujwa, kwa kunywa funda moja moja.
- Wiki ya tatu na ya nne: chakula kilichopondwa au kusagwa, vijiko 2 hadi 4 kwa mlo.
- Wiki ya tano na ya sita: chakula laini kama yai, samaki asiye na miba na maharagwe yaliyopondwa.
- Mwezi wa tatu: kama nusu kikombe kwa mlo.
- Mwezi wa sita: robo tatu ya kikombe, au kikombe kisichojaa.
- Mwaka mmoja na kuendelea: kikombe kimoja hadi kimoja na nusu, milo mitatu kwa siku, pengine na kitafunio kimoja chenye protini.

Mstari wa mwisho ndio wa kushika. Wengi hudhani mfuko mdogo utawazuia daima. Katika mwaka wa kwanza ni kweli, kwa kuwa ule upande uliokatwa ndio unaotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, na mtu hukaa kutwa bila kutamani kitu. Baadaye mfuko hulegea kidogo, mwili huzoea na njaa hurudi. Hapo tumbo halipimi tena peke yake, ndipo bakuli linapohitajika. Langu ni dogo la udongo, linaloingia kikombe kimoja na robo, na nimelitumia kwa miaka.

Mpangilio wa kula

Anza na protini, fuatisha mboga, malizia na wanga kama bado kuna nafasi. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama gramu 8, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kama gramu 15, na gramu 100 za kuku aliyepikwa karibu gramu 27. Ukianza na wali au ugali, bakuli litajaa kabla ya protini kuingia, na matokeo yake ni misuli kupungua na nywele kukatika. Kukatika kwa nywele kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni jambo la kawaida na huisha, lakini protini ikikosekana huendelea.

Tafuna mpaka chakula kiwe kama uji mdomoni. Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Usinywe pamoja na chakula. Acha nusu saa baada ya kula ndipo unywe. Maji yakichanganyika na chakula hukisukuma kipite haraka, na njaa hurudi upesi. Jumla ya maji kwa siku isipungue lita moja na nusu, ukinywa kidogo kidogo.

Sahani ya Gusii

Hapa ndipo mtu wa pwani anapopaswa kujifunza upya, kwa maana wali wa nazi na mbaazi si chakula cha kila siku huku.

*Obokima*, yaani ugali, na hasa ule wa wimbi. Wimbi una madini ya chuma na kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele. Tatizo lake ni ugumu: tonge likimezwa bila kutafunwa hukwama na kuleta maumivu ya kifua. Mimi natwaa tonge mbili ndogo, mwisho wa mlo. Uji wa wimbi hupita kwa urahisi, na kwa sababu hiyo hiyo unahitaji uangalifu: hauleti shibe, na ukitiwa sukari unaweza kunywewa kikombe juu ya kikombe.

*Chinsaga na rinagu*, ambazo Kiswahili chaita mgagani na mnavu, au saga na managu kwa lugha ya sokoni. Hizi ni hazina, kwa chuma na vitamini A. Wenyeji huzipika polepole, chinsaga kwa maziwa ili kuondoa uchungu, nazo hulainika kiasi cha kumfaa hata mtu wa wiki ya tano. Soko la Daraja Mbili mjini Kisii na lile la Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, hazikosi mboga hizi.

*Ritoke*, ndizi za kupika. Ni wanga mtupu. Vipande viwili vyatosha, na viliwe pamoja na nyama au maharagwe. Ndizi mbivu tamu za Kisii, ambazo hata kule pwani twazijua, ni bora ziliwe nusu nusu.

*Omena*, dagaa wa Ziwa Viktoria. Ni protini ya bei nafuu, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa wana kalsiamu pia. Wachemshwe kwanza, wasikaangwe kwa mafuta mengi.

*Parachichi*. Lina mafuta mazuri, lakini lina nguvu nyingi ndani ya kitu kidogo, na huku mti uko kila boma. Robo moja kwa mlo.

*Maziwa ya mgando*, ambayo wenyeji huyaita amabere amaruranu. Hufaa sana, hasa kwa wale ambao maziwa mabichi huwapa gesi baada ya upasuaji.

*Miwa na soda*. Sukari inayofika kwenye utumbo kwa mbio huleta moyo kwenda kasi, jasho, kizunguzungu na kuhara kati ya dakika 10 na 30 baada ya kula. Wengine sukari ya damu huwashuka ghafla saa moja hadi tatu baadaye. Waliofanyiwa aina ya pili hupatwa zaidi. Kwetu pwani halwa, kaimati na faluda hufanya vivyo hivyo.

*Chai*. Nyamira ni nchi ya majani chai, na huwezi kuingia nyumba usipewe kikombe. Lakini chai huzuia mwili kufyonza chuma. Isinywewe pamoja na chakula wala na vidonge vya chuma. Iachwe saa moja hadi mbili. Tena vikombe vinne vyenye vijiko viwili vya sukari ni vijiko vinane ambavyo bakuli halikuviona.

Vidonge ni vya maisha

Kula kidogo, na kwa aina ya pili kufyonza kidogo, kuna maana kwamba chakula peke yake hakitoshi. Kwa kawaida mtu hupewa kidonge cha vitamini mchanganyiko, vitamini B12 ya kumeza au sindano ya kila mwezi, kalsiamu, vitamini D na chuma. Kalsiamu na chuma visimezwe pamoja. Viachane saa mbili. Damu hupimwa mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka.

Hili la kupima kila mwaka ndilo watu huliacha, kwa kuwa wanajihisi wazima. Akiba ya B12 mwilini huweza kuchukua miaka kuisha. Ikiisha, ganzi huanza miguuni, kumbukumbu hupungua, na madhara mengine hayarudi nyuma. Mwanamke anayepata hedhi yuko karibu zaidi na upungufu wa damu. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na ikija mapema daktari aambiwe mara moja.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo dukani hununuliwa kama peremende, huweza kuleta vidonda kwenye kifuko, hasa kwa aliyefanyiwa aina ya pili. Mwambie muuza dawa kila mara kwamba umefanyiwa upasuaji huo.

Uzito kurudi

Utafiti wa Uswidi ulioanza mwaka 1987 na kufuatilia maelfu ya watu ulionyesha kwamba waliofanyiwa aina ya pili walipoteza kama asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka mmoja hadi miwili ya mwanzo, na baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25. Maana yake ni kwamba sehemu ya uzito hurudi kwa watu wengi, nayo nyingi hubaki imeondoka. Kwangu zilirudi kilo 7 kati ya mwaka wa tatu na wa tano, kisha zikasimama. Sindano za kisukari sijazirudia, lakini sukari yangu naipima, kwa kuwa ugonjwa huo waweza kurudi uzito ukipanda.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile. Zikipanda kilo tatu, rudi kwenye misingi: bakuli, protini mwanzo, vinywaji visivyo na sukari, kutembea. Usirudi kwenye uji wa wiki ya kwanza ukidhani unakaza mfuko, haukazwi hivyo.

Wageni, matanga na maneno ya watu

Kwa Wagusii kama kwetu pwani, mgeni asiyekula amemvunjia mwenyeji heshima. Jirani yangu, mama mtu mzima, aliniuliza miaka ile ya mwanzo, "Mwalimu, kwani chakula changu kina kasoro?" Nikamjibu, "Hapana mama, ni kitamu. Tumbo langu ndilo limepunguzwa na daktari." Tangu siku hiyo hunipakulia kwenye kisahani na kunifungia kinachobaki. Maneno machache ya kweli hufaa kuliko visingizio. Kwenye matanga na harusi mimi huomba mchuzi na nyama kwanza, nakula taratibu, na sahani hainiishii mbele ya wenzangu.

La pili ni uvumi. Mtu akikonda ghafla huku, kama ilivyo Mombasa, watu hunong'ona kwamba ana ugonjwa anaouficha. Wapo wanaoanza kula kupita kiasi ili kuwanyamazisha. Hao wanaonong'ona hawatakuja kukuuguza.

Ramadhani

Mwaka wa kwanza wengi hushauriwa wasifunge, kwa hofu ya kupungukiwa maji, na anayetumia dawa za kisukari asikate shauri bila daktari wake. Baadaye inawezekana. Fungua kwa maji na tende moja, swali, kisha kula bakuli lako ukianzia protini. Viazi karai na sambusa za kukaanga ziwe mbili kwa jumla. Gawa milo mitatu midogo kati ya magharibi na daku, na katikati yake unywe maji mara kwa mara.

Nenda hospitali haraka ukiona haya

Kutapika kwa zaidi ya siku moja au mbili, maumivu makali ya tumbo, choo cheusi, homa, ganzi au kuyumba ukitembea, au kushindwa kunywa maji. Kutapika kwa muda humaliza vitamini B1 kwa wiki chache tu na kuweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Hospitali ya Rufaa ya Kisii na ile ya Kaunti ya Nyamira ziko karibu kuliko Nairobi. Anzia huko, na useme jambo la kwanza kabisa mlangoni kwamba umefanyiwa upasuaji wa mfuko wa chakula, wa aina gani na mwaka gani. Mimi maelezo hayo nimeyaandika kwenye karatasi iliyo nyuma ya kitambulisho changu.