Lango la Lumbwa

Wewe usomaye kurasa hizi huko Kapkatet, kati ya mashamba ya chai, fahamu kwamba kaskazini yako, katika kaunti ileile ya Kericho, palikuwa na nyumba ya watu waliosema machache na kutenda mengi. Ilikuwa monasteri ya Lumbwa, mahali paitwapo Kipkelion siku hizi. Ilianzishwa mwaka 1956 na wamonaki Watrapisti kutoka Tilburg, Uholanzi.

Watawa hao hufuata kanuni iliyoandikwa na Mtakatifu Benedikto nchini Italia katika karne ya 6. Kanuni hiyo huigawa siku baina ya sala, kusoma na kazi za mikono. Hakuna kazi duni ndani yake: jembe hutunzwa kama chombo cha madhabahu, na mgeni abishaye hodi hupokewa kama Kristo mwenyewe.

Ni rahisi kuyasifu mambo hayo wakati wa amani. Mtihani wake ulifika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani walipogeukiana kwa ajili ya kabila na ardhi. Nyumba zilichomwa moto, na watu waliokimbia wakafika langoni pa watawa. Lango likafunguliwa, na mamia wakapata hifadhi katika ardhi ya monasteri. Ukarimu huo haukuizima hatari. Mwaka 2008 jumuiya ya wamonaki ikahamia Kutamba, Uganda.

Je, msomaji, tuseme kanuni ilishindwa? La. Kuta ziliachwa, lakini waliookoka waliishi. Tena kanuni yenyewe haihitaji kuta. Huna haja ya kuvaa kanzu ya mmonaki ili uamke kwa saa yako, uweke simu kando ukasome kwa utulivu, au uchume majani mawili na chipukizi hata pale ambapo hakuna msimamizi akutazamaye. Hayo yote unayaweza nyumbani kwenu.

Lililo gumu ni lango. Siku moja atakuja kuketi karibu nawe darasani mwanafunzi ambaye jina lake linatangaza kabila jingine, na wenzako watakutazama waone utafanyaje. Msogelee, umpe nafasi, umkaribishe. Anayezoea kumpokea mgeni siku za amani hatatafuta ufunguo siku ya moto.