Hoki ya barafuni ya wanawake vyuoni: msimu hujengwa na nini?

Barafu iko karibu na Kasese kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye Mlima Stanley, katika safu ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita hufikia mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, barafu imelala kilomita zipatazo 40 tu kutoka mstari wa ikweta. Wakonzo wana neno lao la kuitaja theluji, nzururu. Hata hivyo, hakuna achezaye juu ya barafu hiyo, nayo inazidi kutoweka: uchunguzi wa picha za setilaiti ulionyesha kwamba eneo lake lilishuka kutoka kilomita za mraba 2 hivi mwaka 1987 hadi karibu kilomita 1 mwaka 2003.

Huko Marekani ya kaskazini, wanafunzi wa kike wa vyuo vikuu hucheza hoki juu ya barafu kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Machi. Makala haya yanaeleza mchezo huo ni upi, msimu wake hupangwa vipi, na kwa nini msimu wa timu moja, ya Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 2012 hadi 2013, ungali unatajwa. Yanaeleza pia jambo linalomhusu mzazi au mwalimu wa Kasese na Bwera ambaye huenda asiuone mchezo huo maishani: timu ya wasichana husimama juu ya sheria na bajeti kabla ya kusimama juu ya uwanja.

Mchezo wenyewe

Hoki ya barafuni ni ndugu wa mpira wa magongo unaochezwa uwanjani, kama ule wa Lugogo mjini Kampala. Tofauti ni nyingi. Uwanjani kila timu huwa na wachezaji 11. Barafuni huwa 6, akiwemo mlinda mlango. Badala ya mpira wa duara hutumika kisahani kigumu cha raba chenye upana wa sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5 na uzito wa gramu 170 hivi. Wachezaji huvaa viatu vyenye wembe wa chuma chini ya soli, kofia ngumu na kinga za mwili.

Uwanja wa vyuo una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, nao huzungukwa na ukuta mfupi. Mechi ina vipindi 3 vya dakika 20. Kwa kuwa mbio ni kali, wachezaji hupokezana zamu, na zamu moja aghalabu haifiki dakika moja. Anayefanya kosa hutolewa nje, kwa kawaida dakika 2, na timu yake hucheza ikiwa pungufu. Katika hoki ya wanawake, kumvamia mpinzani kwa mwili ili kumwangusha huadhibiwa.

Barafu hutengenezwa ndani ya jumba. Chini ya sakafu ya zege hupita mabomba yenye kimiminika kilichopozwa chini ya nyuzi sifuri, kisha maji humwagwa juu yake tabaka baada ya tabaka hadi unene wa sentimita 3 hivi. Kati ya kipindi na kipindi, mashine hukwangua uso uliochubuka na kuumwagia maji ya moto kidogo, ambayo huyeyusha mikwaruzo kabla ya kuganda na kuwa laini tena. Kazi hiyo hula umeme mwingi, na ndiyo sababu mchezo huu ni ghali hata katika nchi tajiri.

Msimu hupangwaje?

Vyuo vikubwa vya Marekani viko chini ya shirikisho la kitaifa la michezo ya vyuo, NCAA. Vyuo vilivyo jirani hujiunga katika ligi. Minnesota ilikuwa katika ligi ya magharibi, WCHA, ambayo wakati huo ilikuwa na timu 8. Kila timu ilikutana na kila mpinzani mara 4, jumla mechi 28. Mechi kwa kawaida huchezwa mbili mfululizo dhidi ya mpinzani yuleyule, aghalabu Ijumaa na Jumamosi, ili siku nyingine zibaki za masomo.

Baada ya mechi za ligi huja mashindano ya mtoano ya ligi yenyewe, kisha mashindano ya taifa. Mwaka 2013 timu zilizoitwa katika mashindano ya taifa zilikuwa 8. Tangu mwaka 2022 ni 11. Katika hatua ya mtoano hakuna sare. Timu zikifungana, hucheza vipindi vya nyongeza vya dakika 20, na bao la kwanza humaliza mechi.

Msimu wa ushindi 41

Timu ya Minnesota, iitwayo Golden Gophers, chini ya kocha Brad Frost, ilianza msimu huo ikiwa bingwa wa taifa. Iliumaliza ikiwa imecheza mechi 41 na kushinda zote 41: bila kushindwa, bila sare. Mshambuliaji Amanda Kessel alikusanya pointi 101, yaani jumla ya mabao aliyofunga na pasi alizotoa zikazaa mabao, akatunukiwa tuzo ya Patty Kazmaier, ambayo hupewa mchezaji bora wa kike wa vyuo. Langoni alisimama Noora Räty, raia wa Finland.

Takwimu hizo zaweza kumfanya msomaji adhani kazi ilikuwa nyepesi. Mechi za mwisho zinasema vingine. Katika robo fainali ya taifa, Machi 2013, Minnesota ilikutana na jirani yake, Chuo Kikuu cha North Dakota. Vipindi 3 vya kawaida havikutoa mshindi, wala vya nyongeza viwili vya kwanza. Ni katika kipindi cha tatu cha nyongeza, cha sita kwa kuhesabu vyote, ndipo Minnesota ilipopata bao la 3 dhidi ya 2. Katika nusu fainali iliishinda Boston College, 3 kwa 2 vilevile, katika muda wa nyongeza. Tarehe 24 Machi iliifunga Boston University 6 kwa 3 na kutwaa ubingwa. Bao moja la upande wa pili, katika mojawapo ya jioni mbili zile, lingetosha kulifuta neno “kamili” katika msimu huo.

Mfululizo wa ushindi, uliokuwa umeanza Februari 2012, uliendelea hadi mechi 62. Ulivunjwa Novemba 2013, na aliyeuvunja ni North Dakota.

Sheria iliyotangulia barafu

Mechi hizo za fainali zilichezwa katika jumba la Ridder Arena mjini Minneapolis, lililofunguliwa mwaka 2002. Hilo ndilo jumba la kwanza katika vyuo vya Marekani kujengwa mahsusi kwa ajili ya hoki ya wanawake. Ubingwa wa taifa wa NCAA kwa wanawake ulianza mwaka 2001 tu, na katika Michezo ya Olimpiki hoki ya wanawake iliingia mwaka 1998 huko Nagano, Japani.

Yote haya yalitanguliwa na sheria. Mwezi Juni 1972 Marekani ilipitisha kifungu kijulikanacho kama Title IX, kinachokataza kumbagua mtu kwa misingi ya jinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Sheria hiyo haikutaja hoki. Lakini michezo ni sehemu ya elimu, na kwa hiyo vyuo vililazimika kujieleza. Chuo huulizwa: je, uwiano wa wanamichezo wa kike unalingana na uwiano wa wanafunzi wa kike? Kama sivyo, je, kimekuwa kikiongeza nafasi zao mwaka hadi mwaka? Au je, kinakidhi kikamilifu hamu na uwezo wa wasichana walioko chuoni?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyozaa timu, makocha wa kulipwa, na udhamini wa masomo. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA ziliruhusu timu ya hoki ya wanawake kugawa udhamini kamili hadi 18, sawasawa na timu ya wanaume.

Timu iliyofutwa

Hata hivyo, sheria hufungua mlango tu. Bajeti ndiyo huamua kama utabaki wazi. Timu ya North Dakota ilianza kucheza mwaka 2002. Miongoni mwa wachezaji wake katika robo fainali ile ndefu walikuwa pacha wawili, Jocelyne na Monique Lamoureux. Mwaka 2018, katika fainali ya Olimpiki huko Pyeongchang, Monique aliisawazishia Marekani dhidi ya Kanada, na Jocelyne akafunga penalti iliyoleta dhahabu.

Wakati huo timu yao ya chuo haikuwepo tena. Machi 2017 chuo kilitangaza kwamba kinaifuta timu ya hoki ya wanawake kwa sababu ya upungufu wa fedha. Timu ya wanaume ilibaki. Timu iliyokuwa imeuvunja mfululizo wa ushindi 62 haikufutwa kwa kushindwa uwanjani. Ilifutwa ofisini, kwa kalamu.

Afrika Mashariki iko wapi?

Katika kanda yetu hoki ya barafuni huchezwa Nairobi, katika uwanja wa ndani wa Hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005. Uwanja huo ni mdogo kuliko wa kawaida. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada na kuteleza barafuni pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Wasichana na wanawake nao hujifunza mchezo huo hapo.

Uganda haihitaji barafu ili kuuliza maswali yaleyale. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 33, inawapa wanawake haki ya hadhi sawa na wanaume. Tangu mwaka 1990 waombaji wa kike huongezewa pointi 1.5 wanapoomba nafasi katika vyuo vikuu vya umma. Nyongeza hiyo imewafikisha wasichana wengi darasani. Kuwafikisha uwanjani ni hatua nyingine, na aghalabu huamuliwa karibu na nyumbani, katika mkutano wa wazazi na bodi ya shule.

Mzazi wa Kasese au Bwera akitaka kujua shule ya binti yake inasimama wapi, maswali manne yanatosha. Ni wasichana wangapi na wavulana wangapi waliosafiri kwenda mashindanoni mwaka jana? Nani hupewa uwanja saa za jioni, na siku ngapi kwa wiki? Mwalimu wa timu ya wasichana hulipwa posho sawa na mwenzake? Na fedha zinapopungua, ni timu ipi hufutwa kwanza? Majibu huandikwa katika bajeti ya shule, na mzazi anayelipa ada ana haki ya kuomba kuiona.