Mwiba, Jino na Jina: Jinsi Samaki wa Mahenge Walivyotambuliwa

Katika semina moja ya walimu iliyofanyika mjini Same, mwalimu wa sayansi alisimama akiwa na rasimu ya tafsiri mkononi, akauliza swali ambalo sisi tunaoshughulikia istilahi tulipaswa kuwa tumekwisha kujiuliza wenyewe. Rasimu hiyo ilitayarishwa kwa ajili ya shule, nayo ilieleza habari za visukuku vya samaki vilivyopatikana nchini. Mahali pamoja ilisema kwamba samaki fulani, ambaye sehemu tu ya mwili wake ndiyo iliyohifadhiwa, “alitambuliwa kwa miiba yake”.

“Ndugu zangu,” akasema mwalimu yule, “hapa Same tunakula perege na kambare wa Nyumba ya Mungu. Samaki gani asiye na miiba? Wanafunzi watanicheka.”

Rasimu ilitoka wapi, sitasema. Niliitafuta matini ya asili, nikakuta kwamba mfasiri ametumia neno mwiba kwa vitu vitatu: ubavu, mfupa mwembamba ulio katikati ya minofu, na mfupa mgumu wenye ncha unaoshikilia pezi. Jikoni hakuna hasara yoyote katika kuviita vitu hivyo kwa jina moja, kwani vyote humkwama mtu kooni. Lakini kwa mtu anayetaka kujua kipande cha samaki kilichomo ndani ya jiwe ni cha samaki gani, neno hilo moja limefuta ushahidi wote.

Mwalimu aliuliza pia kama wanafunzi wanaweza kutafuta visukuku vya samaki katika Milima ya Pare. Jibu ni kwamba hawatavipata katika miamba yenyewe. Miamba ile ilipikwa na kukandamizwa katika kina cha ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla samaki wenye mifupa hawajakuwapo duniani. Penye matumaini ni pale palipotulia maji na kuacha tope, kama vile kando ya Ziwa Jipe, ingawa tope hilo ni la juzi tu kwa hesabu za wanajiolojia. Kwa samaki wa kale hasa hatuna budi kuondoka Upareni na kwenda Mahenge, katika nyanda za Singida.

Huko Mahenge, yapata miaka milioni 46 iliyopita, mlipuko kutoka chini ya ardhi ulichimba shimo ambalo baadaye lilijaa maji likawa ziwa dogo. Samaki waliokufa walizama katika tope laini, tope likagandamana tabaka juu ya tabaka, na leo mawe yake yakipasuliwa huonekana samaki aliyelala kwa ubavu, mara nyingine mzima, mara nyingine kichwa bila mkia au mkia bila kichwa.

Mmoja wa wataalamu wa mwanzo kuwaeleza samaki hao alikuwa Humphry Greenwood. Yeye alikuwa amefanya kazi Jinja katika miaka ya 1950 akiwachunguza samaki hai wa Ziwa Victoria, kisha akahamia jumba la makumbusho la London. Mwaka 1960 alimpa samaki mmoja mdogo wa Mahenge jina la Palaeodenticeps tanganikae. Alama iliyomfungulia mlango ilikuwa vijino vidogo vilivyoota juu ya mifupa ya kichwa, kwa nje. Samaki hai mwenye vijino vya namna hiyo, Denticeps clupeoides wa mito ya kusini magharibi ya Nigeria, alikuwa ameelezwa kisayansi mwaka 1959 tu. Laiti jiwe lile lingechunguzwa miaka michache kabla ya hapo, pasingekuwapo samaki hai wa kulilinganisha naye.

Katika rasimu yetu vijino hivyo vimekuwa “meno”. Msomaji ataelewa kwamba Greenwood alitazama kinywani. Aidha, rasimu inamwita samaki huyo “ndugu wa dagaa”, na hapa mfasiri amepatia na kukosea kwa wakati mmoja. Dagaa wa Kigoma kweli wamo katika kundi hilo kubwa. Dagaa wa Mwanza hawamo. Hao ni wa kundi jingine kabisa, na kinachowaunganisha na wenzao wa Kigoma ni udogo wao na jua la kuanikia. Mwanafunzi wa Same, ambaye dukani huuziwa wote wawili kwa jina moja, amwelewe yupi?

Mwaka 1967 Greenwood na Colin Patterson walimweleza samaki mwingine wa Mahenge, Singida jacksonoides, wakamweka katika kundi la samaki wenye ndimi za mfupa. Mwaka 2003 alielezwa kambare wa huko, Chrysichthys mahengeensis. Lakini kazi iliyovuma zaidi ni ile ya Alison Murray ya mwaka 2000, iliyoeleza jenasi mpya, Mahengechromis, yenye spishi tano. Hao wamo katika familia ya Cichlidae, ambamo wamo pia perege, sato na furu. Spishi tano za jenasi moja katika ziwa dogo kama lile zilimfanya mtaalamu huyo aandike mwaka 2001 kwamba tabia ya familia hii ya kuzaa spishi nyingi ndani ya ziwa moja, kama tunavyoiona kwa furu wa Ziwa Victoria, huenda ni ya kale sana.

Nilitaka kuyaona mambo haya kwa macho yangu kabla ya kuyaundia maneno. Jioni ile ya semina nilinunua perege mmoja na kambare mmoja katika soko la Same, nikawachemsha mpaka nyama ikaachana na mifupa. (Mwenyeji wangu aliuliza kama mchuzi nao ni wa Baraza.) Perege alikuwa na safu ya miiba migumu upande wa mbele wa pezi la mgongoni, ikifuatwa na vijiti laini vyenye pingili. Kooni alikuwa na taya la pili, dogo, la pembe tatu, lililojaa meno. Kambare hakuwa na gamba hata moja. Pezi lake refu la mgongoni halikuwa na mwiba mgumu wowote, bali kila pezi la kifuani lilikuwa na mwiba mmoja mnene, na fuvu lake lilikuwa gumu na pana mithili ya ngao. Mifupa kama hiyo hudumu. Ndiyo maana huko Olduvai, ambako Greenwood na Todd walichunguza mabaki ya samaki na kuchapisha matokeo mwaka 1970, waliweza kuwabainisha kambare na jamaa za perege kwa vipande vilivyotawanyika.

Basi mwalimu angesomewa kwamba samaki alitambuliwa “kwa mwiba wa pezi la kifuani”, asingechekwa. Angeweza kumleta kambare darasani na kuuonyesha mwiba wenyewe.

Liko kosa jingine katika rasimu ambalo mimi naliona kuwa zito kuliko la miiba. Wataalamu wa visukuku wana desturi ya kutaja jina kwa kadiri mfupa unavyoruhusu tu. Mwiba mmoja wa pezi la kifuani huweza kumtosha mtu kusema kwamba huyu ni wa kundi la kambare, na usimtoshe kusema ni kambare yupi. Hapo huandika jina la jenasi na kuongeza “sp.”, maana yake spishi haijabainika. Pengine huandika “cf.”, maana yake kwamba mfupa unalinganishwa na wa spishi fulani bila kuthibitishwa kuwa ni wa spishi hiyo. Mfasiri wetu aliifasiri “cf.” kuwa “yaani”, na “sp.” akaiacha kabisa. Mtaalamu aliyekuwa akisitasita amegeuzwa kuwa mtu anayeapa. Vivyo hivyo, “samaki wa familia ya Cichlidae” amekuwa “perege”, na shule zingefundisha kwamba miaka milioni 46 iliyopita Singida kulikuwa na perege, jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Mwenzangu mmoja ofisini hakubaliani nami. Yeye anaona kwamba kitabu cha shule hakistahimili mashaka mengi, na kwamba mtoto akisoma “analinganishwa na” atadhani mwandishi hajui kazi yake. Naielewa hofu hiyo. Neno kisukuku lenyewe limekwisha kuelemewa: tangu magazeti yalipoanza kuandika juu ya nishati ya kisukuku, wako wanafunzi wanaoamini kwamba kisukuku ni aina ya mafuta. Hata hivyo, mkulima wa Same anayetazama nyayo shambani asubuhi husema “kama nguruwe”, wala hakuna jirani anayemdharau kwa kutosema “nguruwe”. Kiswahili kina maneno ya kusitasita tangu zamani, na mfasiri hana ruhusa ya kuyanyima matini yake.

Rasimu imerudishwa kwa wenyewe ikiwa na marekebisho. Tumependekeza ubavu ubaki ubavu. Mwiba wa minofu uitwe hivyo kwa ukamilifu. Mwiba wa pezi uwe ule mgumu wenye ncha. Na vijino vya nje vya kichwani visiitwe meno. “Sp.” iwe “spishi haijabainika”, na “cf.” iwe “analinganishwa na”. Kwa ule mfupa laini wenye pingili tuliandika kijiti cha pezi, lakini mwalimu wa Same ametuletea barua akisema kwamba kijiti, kwa masikio ya watoto, ni kitu kinachovunjika, na huu hupinda. Bado hatujamjibu.