Kilichobaki Baada ya Kufuta

Miaka michache iliyopita nilinunua kompyuta iliyotumika kutoka kwa fundi mmoja, naye alikuwa ameipata kwenye mnada wa mali chakavu za ofisi fulani ya umma. Diski yake ilionekana tupu kabisa. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa akijifunza kutumia programu za kurejesha faili, aliomba aifanyie mazoezi. Baada ya saa mbili alinionyesha barua za likizo ya ugonjwa, orodha za mishahara, na malalamiko ya mtumishi mmoja wa kike dhidi ya mkuu wake wa kazi. Sikusoma zaidi ya mistari ya mwanzo. Nilibaki na swali ambalo kwangu ni la kihistoria kabla ya kuwa la kiufundi: mtu akisema amefuta, amefuta nini hasa?

Wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma wanaijua masijala. Jalada hupatikana kwa sababu limeandikwa kwenye rejesta. Sasa mfikirie karani aliyeagizwa kuondoa jalada, naye akakata tu jina lake kwenye rejesta, akaliacha jalada lenyewe rafuni mpaka siku nafasi ile itakapohitajika kwa jalada jipya. Ndivyo kompyuta zilivyofuta kwa miongo mingi. Katika mfumo wa FAT uliotumiwa na MS-DOS, amri ya kufuta ilibadilisha herufi ya kwanza ya jina la faili na kutangaza kwamba nafasi yake iko wazi. Maandishi hayakuguswa. Wahandisi walitaka mashine ifanye kazi upesi, na hakuna aliyewaomba zaidi ya hapo.

Siasa ililigundua jambo hili mapema. Mnamo Novemba 1986, kashfa ya Marekani kuiuzia Iran silaha na kuwafadhili waasi wa Contra wa Nicaragua ilipokuwa ikifichuka, maofisa wawili wa Baraza la Usalama la Taifa, John Poindexter na Oliver North, walifuta maelfu ya ujumbe wao katika mfumo wa barua za ndani ulioitwa PROFS. Ujumbe ulitoweka kwenye skrini, lakini ulibaki kwenye tepu za akiba, na wachunguzi wakausoma. Januari 1989, Reagan akiwa anakaribia kuondoka Ikulu, mwandishi wa habari Scott Armstrong na wenzake walikwenda mahakamani kuzuia tepu hizo zisifutwe. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kumbukumbu za kielektroniki lazima zihifadhiwe kama zilivyo, na kwamba kuzichapa kwenye karatasi hakutoshi.

Wanaharakati huipenda hadithi hiyo, nami naipenda pia. Lakini mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizotumika. Katika zile 129 zilizofanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Nyingine zilikuwa na kumbukumbu za matibabu, barua za mapenzi na maelfu ya namba za kadi za benki. Hapa mabaki hayakumuumbua mkubwa yeyote. Yaliwaweka hadharani watu ambao hawakujua hata kwamba majina yao yamepigwa mnada.

Kwa hiyo ufundi ni mmoja, ila haki ziko mbili. Tanzania tunazo sheria kwa pande zote mbili: ile ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, inayozuia nyaraka za umma kuharibiwa kiholela, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Afisa anayepeleka kompyuta mnadani yuko chini ya zote mbili kwa wakati mmoja: ahamishe kwanza kilicho cha taifa, kisha asafishe kilichobaki. Nionavyo mimi, wengi wetu huruka hatua ya kwanza na kuifanya ya pili nusunusu.

Kusafisha kwenyewe kumezungukwa na hofu isiyo na sababu. Mwaka 1996 Peter Gutmann wa New Zealand alieleza mpango wa kuandika juu ya data mara 35, na watu wakaushika kama tambiko, ingawa mwenyewe alifafanua baadaye kwamba mizunguko hiyo ilihusu aina nyingi za diski na hakuna diski moja inayoihitaji yote. Kwa diski za kisasa za sumaku, kuandika juu mara moja kwa kawaida kunatosha. Programu ya kusafisha nafasi iliyo wazi hutengeneza faili kubwa ya sifuri mpaka diski ijae, kisha huiondoa. Faili unazozihitaji hubaki salama. Diski za SSD ni habari nyingine. Zenyewe huhamisha data huku na kule ili zisichakae upesi, na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuziandika juu huacha mabaki. Kwa hizo ni afadhali kusimba data tangu siku ya kwanza, au kutumia amri ya ufutaji ya kifaa chenyewe.

Diski yangu ilikuwa ya sumaku, basi niliiacha programu ikaijaza sifuri usiku kucha. Kabla ya hapo niliipigia simu ofisi husika. Afisa aliyepokea alinihakikishia kwa upole kwamba kompyuta zao zote hufutwa kabla ya mnada. Nilimuuliza ni nani hutia saini kwamba zimefutwa, na zilifutwa kwa njia gani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hilo itabidi aulize.