Waya Ulio Chini ya Kitanda

Chini ya kitanda cha baba, kule kwetu Voi, kuna waya wa shaba uliozungushwa kama kata ya kubebea mtungi. Nimeuona tangu nikiwa mdogo. Baba alikuwa fundi wa laini za simu. Alipanda nguzo zaidi ya miaka ishirini, na alipostaafu alirudi nyumbani na koleo, mkanda wa kupandia na mabaki hayo ya waya ambayo msimamizi wake alimwambia ajichukulie. Mwaka jana paa la jikoni lilipoanza kuvuja akaniambia, “Chukua ule waya ukauze. Shaba siku hizi ni pesa.”

Nikaupeleka kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Akaupima: kilo nne na robo. Akaukwaruza kwa kisu, akaona wekundu wake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Waya haukuchomwa, na shaba isiyochomwa ina bei nzuri kuliko ile iliyotoka motoni imejaa masizi. Kisha akauliza, “Risiti iko wapi?” Nikamweleza habari za mzee wangu. Akanirudishia waya taratibu. “Ndugu yangu, mimi nakuamini. Lakini askari akija hapa, sitamwambia eti nilikuamini.”

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na kama kawaida ya watu wa kazi yangu, hasira ikanipeleka kwenye vitabu. Nilichokuta ni kwamba ubishi wetu pale kwenye mizani una umri mkubwa kuliko simu yenyewe.

Kabla ya sarafu kuenea bara, waya ulikuwa pesa. Misafara iliyotoka pwani katika karne ya 19 ilibeba nguo, shanga na masango, yaani nyaya nene za shaba zilizozungushwa. Burton, aliyepita njia hiyo kati ya 1857 na 1859, ameyaorodhesha masango kati ya bidhaa za lazima. Stanley, alipojiandaa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alielezwa kwamba ng’ambo ya Ziwa Tanganyika waya unahesabiwa kama dhahabu. Kwa waya ulilipa hongo ya kupita na ukanunua chakula. Aliyeupokea aliupeleka kwa mhunzi, ukawa bangili au pete za mguuni. Mali hukaa mwilini, watu wakaiona.

Halafu wakaja watu wenye waya ambao hawakutaka kuuuza. Mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden, kiini chake shaba. Kiswahili kikauita simu, neno la Kiajemi ambalo kwao ni fedha, ile madini, na pia ni waya. Hebu fikiria: kila tunapopiga simu tunataja madini, ingawa tunamaanisha maneno.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, waya wa telegrafu ulikwenda nayo bega kwa bega, ukapita hapa Voi, ukapanda bara. Reli ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901. Katika nchi ya Wanandi waya ulikuwa ukitoweka. Ulikatwa ukawa mapambo, na bolti za reli zikafuliwa silaha. Waingereza waliandika neno moja tu: wizi. Lakini waya ule haukuwa na ujumbe wowote kwa Mnandi. Ujumbe uliopita ndani yake ulikuwa juu yake: askari wangapi watumwe, ng’ombe wangapi wachukuliwe. Yeye alibaki na madini yanayoning’inia juu ya shamba lake, madini ambayo tangu zamani yalikuwa na bei. Misafara ya kijeshi ilitumwa mara kadhaa, hadi Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipopigwa risasi na Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani.

Nikishasoma haya nikawa nimepata nadharia yangu, na nikaifurahia sana. Kwamba waya hukatwa pale ambapo ujumbe unawapita watu juu kwa juu. Nikaiunganisha na ya leo. Januari 2022 minara ya umeme ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, nchi ikaingia gizani, lawama zikawaendea waliofungua vyuma vya kuishikilia. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, ya ndani na ya kuuza nje, hadi Mei. Sheria ya mwaka 2015 tayari ilikuwa inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke rekodi za anachonunua. Yote hayo, nikasema moyoni, ni serikali ile ile na waya ule ule.

Jioni nikamsomea baba. Alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

“Umesoma vizuri,” akasema. “Lakini Mnandi alikata waya wa mtu aliyekuwa anamjia na bunduki. Hawa wa kwetu walikata wa jirani.”

Akanisimulia usiku mmoja ambao hakuwahi kuutaja. Waya ulikuwa umekatwa, nguzo nne mfululizo, kwenye laini iliyokwenda zahanati moja ya mbali. Mama mmoja akashikwa na uchungu. Muuguzi akainua simu, kimya. Wakatuma kijana kwa baiskeli kufuata gari. Baba alifika asubuhi kuunganisha laini, akamkuta mume wa yule mama amekaa chini ya mwembe. Mtoto hakupona. “Nilipanda nguzo nikijua aliyekata anakaa kijiji hicho hicho,” akasema. “Na nikajua alicholipwa. Hakikutosha unga wa wiki.”

Nikakosa la kusema. Nadharia yangu haikuwa ya uongo, ila ilikuwa imemsahau muuguzi.

Siku hizi laini ile haipo. Tangu nyaya za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, maneno yetu yanapita kwenye nyuzi za kioo, na kioo hakina mnunuzi mizani. Bado kuna wanaozikata wakidhani ndani mna shaba. Wanaambulia hewa, na mtaa mzima unakosa intaneti. Shaba ya zamani nayo inaendelea na safari yake, maana huyeyushwa ikawa mpya bila kupoteza ubora. Bangili ya jana huweza kuwa mota ya leo. Haikumbuki ilikuwa ya nani, ndiyo maana sheria inataka karatasi ikumbuke badala yake.

Baba hana karatasi. Aliyempa ule waya amekwisha fariki, na neno lake lilikuwa la mdomo. Jumatatu tutakwenda kwa chifu kuomba barua ya kuthibitisha kwamba kilo nne na robo za shaba ni mali ya mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akirudishia zilizokatwa.

Jikoni bado kunavuja.