Mtoto Mbele ya Ubao: Sataranji, Bao na Mashindano ya Watoto wa Shule

Mchezo ni sehemu ya utamaduni wa watu, kama zilivyo lugha yao, ngoma zao na mapishi yao. Katika mchezo mtoto hujifunza sheria kabla hajaijua mahakama, na hujifunza kushindwa kabla dunia haijamshinda kwa jambo kubwa zaidi. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza watoto wetu wanacheza nini, wanacheza na nani, na ni nani anayewafungulia mlango wa kuingia uwanjani.

Makusudio ya insha hii ni kueleza, kwa ufupi, jinsi sataranji, uliokuwa mchezo wa makasri ya wafalme, ilivyofika mikononi mwa mtoto wa shule ya msingi. Na kisha kutazama bao, mchezo wetu wenyewe, na nafasi unayostahili kupewa katika shule zetu. Michezo hii miwili ni ndugu wa akili. Sataranji ina miraba 64 na kete 32. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Ni kana kwamba mafundi wawili wasiojuana walipewa hesabu moja, kila mmoja akaipanga kwa upande wake.

Safari ya sataranji

Neno sataranji lenyewe ni msafiri. Mchezo ulianzia Bara Hindi, yapata karne ya 6, ukiitwa chaturanga, yaani sehemu nne. Sehemu hizo ni zile za jeshi la zamani: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi waliupokea wakauita chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 wakauchukua nao, wakautamka shatranj. Na kwa njia ya Kiarabu jina hilo likaingia katika Kiswahili. Hivyo basi, mtoto wa pwani atajapo sataranji hutaja historia ya bahari yote ya Hindi kwa neno moja.

Huko Baghdad mchezo huu uliheshimiwa mno. Katika karne ya 9 na ya 10 palikuwapo mabingwa walioutungia vitabu, na aliyesifika kupita wote ni as-Suli, mwanachuoni na mtu wa fasihi, aliyemshinda bingwa al-Mawardi mbele ya Khalifa al-Muktafi, ambaye alitawala tangu mwaka 902 hata 908. Yafaa tuangalie jambo moja katika habari hiyo. Mashindano yalikuwapo, lakini yalikuwa mashindano ya baraza la mtawala. Mtoto wa mchuuzi hakuwa na mahali pake pale.

Mchezo ulipofika Ulaya ulibadilika. Mwishoni mwa karne ya 15, kete iliyokuwa waziri, yenye mwendo wa hatua moja, ikawa malkia anayekwenda mbali na kila upande. Mwaka 1851 yakafanyika London mashindano makubwa ya kwanza ya kimataifa, na aliyeshinda hakuwa mwana wa mfalme wala kabaila, bali Adolf Anderssen, mwalimu wa hisabati kutoka Breslau. Mwaka 1924 likaundwa Paris shirikisho la dunia la mchezo huo. Hapo sataranji ilikwisha kutoka katika kasri. Lakini bado ilikuwa haijaingia darasani.

Mtoto aingia uwanjani

Watoto wenye kipaji walikuwako tangu zamani, lakini walitazamwa kama kioja. Habari ya Samuel Reshevsky, aliyezaliwa Poland mwaka 1911, ni funzo kwa kila mzazi na mwalimu. Akiwa na umri wa miaka minane alizungushwa Ulaya akicheza na watu wazima wengi kwa wakati mmoja, huku umati ukimshangaa. Mwaka 1920 wazazi wake walihamia naye Marekani, nako akaendelea kuonyeshwa mji baada ya mji, lakini shule hakupelekwa. Wazazi wakafikishwa mahakamani New York kwa kutomlea ipasavyo. Tajiri mmoja wa Chicago, Julius Rosenwald, alijitolea kumdhamini kwa sharti kwamba mtoto asome kwanza. Reshevsky akaacha mashindano makubwa kwa miaka kadhaa, akasoma, na aliporudi ukumbini akawa miongoni mwa wachezaji hodari wa dunia. Elimu haikuua kipaji chake.

Nchi iliyoufanya mchezo huu kuwa mali ya watoto kwa mpango ni Urusi ya Kisovieti. Huko zilijengwa nyumba za vijana, zilizojulikana kama Kasri za Mapainia, ambamo mtoto wa mfanyakazi alifundishwa muziki, ufundi na sataranji bila malipo. Boris Spassky, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1969 hata 1972, alilelewa katika kasri ya namna hiyo mjini Leningrad baada ya vita. Mwaka 1969 yakaanzishwa mashindano ya timu za shule yaliyoitwa Ngome Nyeupe. Timu haikuwa ya watoto waliookotwa huku na huko, bali ya wanafunzi wa shule moja. Walianza kushindana karibu na kwao, na washindi wakapanda ngazi hata wakafika fainali ya nchi nzima. Kwa hiyo bingwa wa kesho hakuanzia mbali. Alianzia kwa jirani yake wa dawati.

Armenia, iliyomtoa Tigran Petrosian, bingwa wa dunia tangu 1963 hata 1969, ilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2011 iliweka sataranji kuwa somo la lazima katika madarasa ya chini ya shule za msingi.

Habari ya Katwe

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Jirani zetu wa Uganda wametupa mfano ulio karibu na maisha yetu. Katwe ni mtaa wa watu maskini mjini Kampala, wenye nyumba za kubanana na mafuriko ya kila mvua. Mwaka 2004 Robert Katende, aliyekuwa akiwafundisha watoto wa mtaa huo mpira wa miguu, aliona kwamba wako watoto wasiopenda mpira, wanaosimama kando wakitazama. Akawaletea ubao wa sataranji. Watoto walikuja kwanza kwa ajili ya uji waliopewa pale. Wakabaki kwa ajili ya mchezo.

Mmoja wao alikuwa Phiona Mutesi, msichana aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada, akiuza mahindi mitaani kumsaidia mama yake. Alifika mwaka 2005 akimfuata kaka yake, na aliyemwonyesha mwendo wa kete alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Lakini watoto wale walipotaka kushindana nje ya mtaa wao, walipambana na kizuizi ambacho hakikuwa ubaoni. Mchezo ule ulihesabiwa kuwa wa wanafunzi wa shule za bweni za wenye uwezo. Ilimbidi mwalimu wao abembeleze hata wakubaliwe kuketi meza moja na watoto wenye viatu na sare safi.

Walipokwisha kuketi, ubao haukuuliza baba wa mtoto ni nani. Mwaka 2009 Phiona na wavulana wawili wa Katwe waliiwakilisha Uganda katika mashindano ya kimataifa ya watoto mjini Juba, wakarudi na ushindi. Mwaka uliofuata Phiona alicheza katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Na baada ya Olimpiadi ya Istanbul ya mwaka 2012 alipata daraja la kimataifa. Jambo la kutafakari si ushindi huo peke yake. Lau mlango ule wa mashindano ya shule ungefungwa, nani angejua kwamba kipaji kilikuwako Katwe? Na ni wangapi, katika mitaa na vijiji vyetu, ambao mlango wao haujafunguliwa bado?

Bao letu

Sasa natugeukie nyumbani. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32, ambazo aghalabu ni komwe. Mchezo huanza kwa namua, kete zikiingizwa moja moja. Zikiisha mkononi huingia mtaji, ambapo kete zilizo ubaoni ndizo zinazotembezwa. Kuna nyumba, kuna kichwa na kimbi. Kuna kula na kuna kutakasa. Fundi wa bao hupiga hesabu kwa macho tu, kete zikizunguka kichwani mwake kabla mkono haujanyanyuka. Washairi wetu hawakuusahau mchezo huu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, aliutungia shairi. Na Mwalimu Julius Nyerere anakumbukwa kuwa mpenzi mkubwa wa bao.

Wazee wetu hawakumsahau mtoto. Waliweka bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbili mbili katika kila shimo tangu mwanzo, ili mwanagenzi aingie moja kwa moja katika mtaji bila kusumbuliwa na taratibu za namua. Huu ni ualimu kamili: kuanza na jepesi, kisha kuendea gumu.

Hata hivyo, mahali pa bao pamebaki kuwa barazani na chini ya mwembe, miongoni mwa watu wazima. Watumishi wa serikali hushindana bao katika michezo ya SHIMIWI, na hilo ni jema. Lakini tunapotaja UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kinachotujia akilini ni mpira wa miguu, netiboli na mbio. Mtoto ambaye miguu yake si myepesi lakini akili yake ni nyepesi hukaa pembeni akishangilia wenzake, kama wale watoto wa Katwe waliosimama kando ya uwanja.

Hasara yake si ya mtoto peke yake, bali ni ya lugha pia. Mchezo ukifa, maneno yake hufa nao. Mwanafunzi asiyecheza bao atayasoma namua, mtaji na kimbi katika kamusi kama asomavyo majina ya silaha za kale. Ilipoundwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana, Desemba 1962, utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja. Hilo lilikuwa wazo sahihi: utamaduni usiorithiwa na vijana hugeuka kuwa kumbukumbu.

Namna ya kuwashindanisha watoto

Wako wasemao kwamba mashindano huwaumiza watoto wadogo. Hoja hii haina budi kujibiwa kwa heshima, maana habari ya Reshevsky yatuonyesha kwamba hatari iko. Lakini dawa yake ni utaratibu mwema, wala si kuyafuta mashindano. Mwaka 1895 huko Zürich, Uswisi, ulitumika mtindo wa mashindano ambao hadi leo unaitwa wa Kiswisi. Katika mtindo huu hakuna anayetolewa. Katika kila mzunguko mwenye pointi nyingi hukutanishwa na mwenye pointi nyingi, na mwenye chache na mwenye chache. Mtoto aliyeshindwa asubuhi hucheza tena mchana, na mpinzani wa kiasi chake. Hakuna aendaye nyumbani na aibu ya kufukuzwa. Kila mmoja huondoka amecheza michezo sawa na bingwa.

Sheria za mezani nazo ni malezi. Wachezaji husalimiana kwa mkono kabla na baada. Aligusaye kete yake hana budi kuichezesha. Katika mashindano yaliyopangwa vizuri kila mtoto huandika hatua zake kwa herufi na tarakimu, akaweza baadaye kulitazama kosa lake kwa utulivu pamoja na mwalimu. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Na kukubali huko hufundishwa.

Gharama isiwe kisingizio. Ubao wa sataranji huchorwa juu ya kipande cha boksi, na vizibo vya soda vikichorwa alama huwa kete. Bao ni rahisi zaidi: mashimo 32 huchimbwa ardhini chini ya mti wa shule, na palipokosekana komwe pana kokoto. Mwalimu akiwa na Jumamosi moja katika mwezi, na shule mbili za jirani zikakubaliana, mashindano yamekwisha kupatikana. Waalikwe na wazee wa kijiji, waje wawe waamuzi. Wataona fahari, na wajukuu watajifunza kwao maneno ambayo hayamo vitabuni.

Tukifanya hivyo tuanze na bao la kujifunza kwa madarasa ya chini, na bao kamili kwa wakubwa. Na penye mwalimu ajuaye sataranji, nayo ifundishwe kando yake bila kuoneana wivu. Lililo letu tulienzi, na lililotufikia kwa njia ya bahari tulipokee kama tulivyolipokea jina lake. Muhimu ni kwamba orodha ya washindani ibandikwe mahali ambapo kila mtoto ataiona, na kwamba jina la yule asiye na viatu liandikwe humo pamoja na majina ya wenzake.