Ardhi ya Ukoo na Wadhamini Wake: Kasese na Bwera

Katika milima ya Rwenzori, kutoka Kasese hadi Bwera karibu na mpaka wa Kongo, Wakonjo waliishi kwa kufuata migongo ya milima. Kila mgongo, uitwao obulambo, ulikuwa na mkuu wake. Huyu hakuwa mwenye ardhi bali mdhamini, mtunza amana ya wazee na ya vizazi vijavyo, na mwamuzi wa ugomvi wa mipaka.

Mwaka 1975 amri ya Idi Amin iliifanya ardhi yote ya Uganda kuwa mali ya umma. Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha kwa raia, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaitambua milki ya kimila kwa hati.

Lakini hati nayo ina hatari yake. Likiandikwa jina moja, mdhamini hugeuka mwenye mali, na mjane akawa mgeni shambani mwake. Ndiyo sababu sheria hiyo hubatilisha uamuzi wowote wa kimila unaowanyima haki wanawake, watoto au walemavu. Tulifundishapo neno “amana”, basi, tukumbuke kuwa mwenye kutunza siye mwenye mali.